Una mbwa na unataka alamu? Sensa haina mzani

Mwangaluka, ndugu zangu! Karibuni. Leo niko nyumbani hapa Mwanza, mlimani kama mnavyoona, mawe nyuma yangu, ziwa kule chini. Na huyu anayekatiza mbele ya kamera anaitwa Dagaa. Jina lisiwadanganye. Tulimpima kwa mzani wa muuza mkaa, ule wa kuning'iniza, tukamtia kwenye kiroba kichwa kikiwa nje, akagonga kilo 31. Hizo kilo 31 zishikeni.

Najua mtaniuliza, una mbwa, alamu ya nini? Mbwa ananunulika, jamani. Kipande kimoja cha nyama chenye sumu, asubuhi unachimba shimo.

Sasa, boksi hili ni la seti ya kwanza niliyonunua. Kampuni siitaji. Ndani kuna mtambo wenyewe, sensa mbili za mwendo, yaani vifaa vinavyogundua kitu kikitembea, moja ya mlango, rimoti na king'ora. Pembeni wamechora mbwa na paka, wakaandika 25 kg. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hii haisumbuki na mbwa." Mimi kilo 25 niliiona, nikajisemea sita tu hizo zimezidi, si kitu.

Usiku wa kwanza ikapiga mara nne. Wa pili, majirani wakatoka na marungu, wakanikuta nimesimama na rimoti mkononi kama mjinga. Wa tatu ikapiga, hakutoka mtu. Hapo ndipo nilipoogopa. Huku Usukumani mwano, yaani yowe la kuomba msaada, ukipigwa watu wanatoka, hata kama wana ugomvi na wewe. Lakini upige wa bure mara saba uone kama wa nane utapata mtu.

Nikaifungua sensa. Ngoja niisogeze. Hii plastiki nyeupe yenye mistari ndiyo lenzi, imegawanywa vipande-vipande, kila kipande kinachungulia upande wake wa chumba. Nyuma yake kuna kijicho hiki, kama kifungo cha shati. Hiki hakijui mtu wala mbwa. Kinahisi joto likihama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, basi. Na joto Dagaa analo la kutosha, mbwa mzima anacheza kwenye nyuzi 38 hadi 39, kutuzidi sisi.

Zile zinazoitwa za wenye mbwa, ujanja wao ni kupunguza macho ya chini. Kinachotembea karibu na sakafu kinapuuzwa. Nyingine zinasubiri vipande vya juu na vya chini viguswe pamoja ndipo zipige. Kwa hiyo ile namba ya kilo ni makadirio ya umbo tu. Sensa haina mzani! Mbwa wa kilo 12 akipanda kochi, keshakuwa mtu.

Na fundi wangu naye aliniongezea balaa. Aliiinamisha ichungulie chini "ione vizuri". Sensa ya aina hii inafungwa wima, mita 2.1 mpaka 2.4 kutoka sakafuni, fuata karatasi yake, na mbele yake kusiwe na kochi, meza wala ngazi ambayo mbwa anaizoea. Ukiiinamisha, yale macho ya juu yanamtazama mbwa moja kwa moja.

Njooni nje. Sensa ya pili ilikuwa hapa barazani, inatazama uani. Mnaliona hili jiwe? Wenzangu wa milimani mnanielewa, kiwanja bila jiwe hatukijui. Likishinda juani linabaki na uvuguvugu mpaka usiku, na Dagaa ndipo anapolala. Jiwe peke yake halina shida, joto lake halihamihami. Sasa Dagaa akiinuka pale juu kujikuna, yuko usawa wa kifua changu. King'ora! Ningenunua hata ya kilo 40, jiwe liko palepale. Halafu hii ilikuwa sensa ya ndani, haikupaswa kuwekwa nje kabisa, kwenye jua na majani yanayotikisika. Hilo kosa langu.

Ziko pia sensa zenye njia mbili, joto na mawimbi ya redio yanayogonga kitu na kurudi, hazipigi mpaka zote mbili zikubaliane. Zinasaidia kwa upepo wa moto na pazia. Kwa mbwa mkubwa usizitegemee sana, maana hata mawimbi yanamwona.

Kitu kingine kidogo: mjusi. Akitembea juu ya lenzi, kwa sensa huyo ni tembo. Na wale wadudu wa ziwani wakija kwa makundi usiku wakafuata taa, buibui nao wanafuata chakula, wanatanda hapohapo. Futa kwa kitambaa kikavu.

Nilichofanya mwishowe: ulinzi nimeuhamishia mipakani. Hii ni sensa ya sumaku, vipande viwili, kimoja kwenye fremu, kingine kwenye mlango. Vikiachana, inapiga. Dagaa ana akili nyingi lakini komeo hajaliweza. Nimeweka milango yote miwili na madirisha ya chini. Sensa ya mwendo imebaki moja, korido ya vyumbani, ambako Dagaa haingii kwa sababu mlango unafungwa. Usiku natega upande wa "nyumbani", milango na madirisha tu.

King'ora nilikitoa juu ya banda lake. Vitu hivi vinafika desibeli 110 na zaidi, na mbwa anasikia milio ya juu kuliko tunayoisikia sisi, mpaka kama hezi 45,000. Ukimpigia sikioni, siku ya mwizi atakuwa uvunguni. Betri ya ndani ya mtambo ni ya volti 12, kwa ajili ya umeme ukikatika. Na ile laini ya simu iliyo kwenye mtambo, inayokupigia alamu ikilia, iwekee salio. Mimi iliwahi kukaa wiki mbili haina kitu, sijui.

Haya, tujaribu. Nimetega. Dagaa, panda. Panda jiwe, mwanangu... mnamwona, amesimama, anajikuna. Kimya. Sasa nakwenda kufungua mlango wa nyuma. Mliovaa hedifoni, punguzeni sauti.