Gari la michezo la kila siku: wiki tatu, magari matatu na uamuzi wangu

Nilipouza gari langu la zamani niliamua kwamba nitabaki na gari moja tu, na kwamba gari hilo litakuwa la michezo. Sikutaka gari la kutolewa siku za mapumziko kisha kufunikwa turubai hadi wiki inayofuata. Nilitaka gari la kwenda nalo kazini asubuhi, la kumpeleka shuleni mwanangu mwenye umri wa miaka minane, la kubebea mizigo ya nyumbani na, mara moja kwa mwezi hivi, la kukatia safari ya saa sita katika barabara kuu. Baadhi ya niliowaeleza wazo hilo walicheka kwa adabu, na wengine hawakujisumbua hata na adabu.

Orodha yangu ilianza na magari saba, ikapungua hadi matatu: Mercedes-AMG GT ya kizazi cha kwanza, Audi R8 ya kizazi cha pili, na Porsche 911 Carrera ya toleo la 992. Yote matatu nilikuwa tayari kuyanunua yakiwa yametumika, mradi historia ya matengenezo yake iwe kamili. Shida ilikuwa namna ya kuyajaribu. Muuzaji mmoja alinipa dakika 15, na njia ya kupita akaichagua yeye mwenyewe: barabara pana, laini, isiyo na tuta hata moja, ambako gari lolote lenye nguvu farasi zaidi ya 380 lazima likufurahishe. Nilimshukuru nikaondoka. Mwishowe nilikodi kila gari kwa wiki nzima, nikaishi nalo kama kwamba ni langu, na gharama ya kukodi ndiyo pesa niliyoitumia kwa busara kuliko zote katika shughuli hii.

Nilianza na AMG GT. Ni gari lenye sura ya kuvutia kweli: boneti ndefu kama mdomo wa papa, kiti cha dereva kimesogezwa nyuma hadi unahisi umekalia ekseli ya nyuma, na chini ya boneti kuna injini ya V8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili, iliyobandikwa kibao chenye sahihi ya fundi mmoja aliyeiunda mwanzo hadi mwisho. Sanduku la gia limewekwa nyuma, kati ya magurudumu, ili uzito ugawanyike vizuri. Buti lake, linalofunguka pamoja na kioo cha nyuma, lina nafasi ya lita 350, na kwa gari la aina hii huo ni ukarimu usiotarajiwa. Masanduku yangu mawili ya safari yaliingia bila kubembelezwa.

Tatizo nililikuta kwenye makutano ya barabara. Kwa kuwa dereva amekaa nyuma sana, pua ya gari hutokeza barabarani kitambo kabla macho yake hayajafika mahali pa kuona yanayokuja kutoka kulia na kushoto. Kila asubuhi kulikuwa na kona moja, yenye ukuta upande mmoja na magari yaliyoegeshwa upande wa pili, ambapo nilikuwa nikisukuma gari sentimita baada ya sentimita huku nikimwomba Mungu anayekuja awe mstaarabu. Ongeza upana wa milimita 1,939 bila kuhesabu vioo vya pembeni, na kila nafasi ya maegesho inageuka kuwa hesabu. Viti ni viwili tu. Kizazi cha pili, kilichotoka mwaka 2023, kinaweza kuwekewa viti vidogo vya nyuma, lakini hicho hakikuwa ndani ya uwezo wangu.

Kuhusu R8 itabidi nikiri kwamba moyo wangu ulikuwa umekwishaamua kabla sijafunga mkanda. Injini ya V10 ya lita 5.2 isiyo na turbo, inayozunguka hadi zaidi ya mara 8,000 kwa dakika, ipo nyuma ya kichwa chako, na unapoipandisha mlio wake hupita kutoka ngurumo hadi ukelele kwa namna ambayo hakuna spika inayoweza kuiiga. Magari ya aina hiyo yanatoweka. Utengenezaji wa R8 yenyewe ulikoma mwaka 2024. Nilichokuwa sikukitarajia ni upole wake. Katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa gari hili ni tulivu, usukani ni mwepesi, na likitembea bila kukanyagwa sana huzima silinda tano kati ya kumi ili kupunguza mafuta yanayochomwa, jambo ambalo abiria hatalitambua usipomwambia.

Lakini injini iliyokaa katikati inachukua mahali ambapo viti vya nyuma vingekaa. Hilo halina dawa. Buti liko mbele na lina lita 112: mkoba wa mtoto, begi langu la kompyuta, mfuko mmoja wa manunuzi, basi. Siku ya Alhamisi nilipaswa kuwachukua mwanangu na rafiki yake kutoka mazoezini, na nikajikuta nimesimama nje ya lango na gari lenye silinda kumi lisiloweza kubeba watoto wawili. Niliomba msaada kwa mzazi mwingine, ambaye alikuja na kigari kidogo cha milango mitano kilichochakaa na kuwachukua wote, mipira ikiwa juu yao. Nilimfuata nyuma kimya kimya, bila hata kuipandisha injini.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini 911 imedumu. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, na tangu hapo injini yake imebaki nyuma kabisa, ng'ambo ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo vitabu vya uhandisi vingekushauri usiiweke. Kwa mtu anayeendesha kila siku, faida ya mpangilio huo wala haihusiani na mbio. Injini ikikaa kule mwisho, kati yake na dereva hubaki nafasi ya viti viwili vidogo, na mbele hubaki buti la lita 132. Viti hivyo vya nyuma mtu mzima hawezi kuvikalia kwa hiari yake, ila mtoto wa miaka minane juu ya kiti chake cha nyongeza anakaa vizuri, na mwenzake pia. Ukikunja migongo yake unapata rafu pana ya kuweka masanduku. Tahadhari moja kwa anayetaka toleo lililoboreshwa mwaka 2024: Carrera ya kawaida yenye paa la chuma huja ikiwa na viti viwili tu, na vile vya nyuma vinaombwa wakati wa kuagiza, bila malipo ya ziada. Ukinunua iliyotumika, fungua mlango uangalie, usidhani.

Jambo la pili ni kuona. Kioo cha mbele cha 911 kimesimama zaidi kuliko vya magari yale mawili, na ukiwa umekaa unayaona mabega mawili ya gari yameinuka juu ya taa za mbele, moja kushoto na moja kulia, kama pembe za ng'ombe. Ukizifuata hizo, unajua gari lako linaishia wapi. Upana wake ni milimita 1,852, yaani karibu sentimita tisa pungufu ya wenzake. Kwenye karatasi sentimita tisa si kitu; kwenye maegesho ya chini ya jengo letu, yenye nguzo za zege kila baada ya magari mawili, ndizo zinazoamua kama utafungua mlango ukashuka au utajipenyeza nje kama mwizi.

Siku ya nne ya wiki yake ilinyesha mvua kubwa. Matoleo ya 992 yana vitambuzi vya sauti kwenye matao ya magurudumu ya mbele, ambavyo husikiliza maji yanayorushwa na tairi. Maji yakiwa mengi, dashibodi inakushauri uhamie hali ya mvua, na ukikubali, gari hupunguza ukali wa kanyagio la mafuta na kuvifanya vidhibiti vya utelezi viingilie mapema zaidi. Nilikuwa nimeudhania mfumo huo kuwa mchezo wa watangazaji wa biashara. Baada ya saa moja katika barabara iliyojaa madimbwi nilibadili mawazo, hasa nikikumbuka kwamba upana wa tairi za nyuma, unaosaidia sana pakiwa pakavu, ndio huohuo unaoifanya tairi ielee juu ya maji.

Nizungumzie kidogo foleni, kwa sababu ndiko tunakokaa muda mrefu kuliko kokote. Magari yote matatu hutumia gia otomatiki ya klachi mbili: klachi moja inashika gia witiri na nyingine gia shufwa, ili gia inayofuata iwe tayari kabla haijaitwa. Kwa mwendo mkubwa hakuna mfumo unaofurahisha zaidi. Kwa mwendo wa kobe, hata hivyo, klachi hulazimika kuteleza nusunusu kama mguu wa dereva asiye na hakika, na moja kati ya magari hayo, ambalo sitalitaja kwa sababu huenda lile nililokodi lilikuwa na hitilafu yake lenyewe, lilikuwa likitikisika kila nilipoachia breki. Dawa niliyoigundua ni kuacha nafasi ya gari moja na nusu mbele yangu, kisha kuondoka kwa uamuzi mmoja badala ya kunyatia. Wanaokuja nyuma watakupigia honi. Wavumilie, klachi si kitu cha bei ya honi.

Kwa hiyo nilinunua 911 Carrera ya kawaida, si Carrera S, na hapa ndipo marafiki zangu wapenda magari waliponiona nimepotoka. S ina nguvu farasi 450, ya kawaida ina 385. Katika barabara za kila siku sijawahi hata mara moja kuzitafuta hizo 65 zilizopungua. Nilichokitafuta ni magurudumu. Ya kawaida hutoka kiwandani na rimu za inchi 19 mbele na 20 nyuma, ilhali S ina 20 na 21. Inchi moja pungufu ya rimu maana yake ni ukuta mrefu zaidi wa mpira kati ya chuma na shimo, na huo mpira ndio springi ya kwanza ya gari. Niliendesha zote mbili juu ya barabara ileile iliyobanduka lami: ya kwanza ilinipa taarifa kwamba kuna shimo, ya pili ilinipa shimo lenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo nililikwepa gari moja zuri sana lililokuwa limewekewa springi za michezo zinazoshusha gari milimita 10 zaidi. Nililikataa pia lingine lenye breki za kauri. Breki hizo ni nyepesi, zinastahimili joto la uwanja wa mbio na hazichafui rimu kwa vumbi jeusi. Ila zikiwa baridi hupenda kulia, na gharama ya kubadilisha diski zake inaweza kukufanya ukae chini. Anayekwenda uwanjani kila mwezi azichukue. Mimi nakwenda shuleni.

Kitu ambacho ningekilipia bila kufikiri ni mfumo wa kuinua pua ya gari kwa kubonyeza kitufe. Langu halinao. Wiki ya pili nikiwa nalo, nikiwa nimechelewa, niliteremka njia ya maegesho moja kwa moja badala ya kukata mshazari kama nilivyojizoeza, na nikasikia sauti ile ya plastiki ikisagwa na zege ambayo hata asiyejua gari huijua. Kosa lilikuwa langu mtupu. Mkwaruzo uko chini ya bampa, hauonekani usipopiga magoti, na mimi nimepiga magoti mara nyingi.

Jingine ni pancha. Hakuna tairi la akiba. Kuna chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo ya umeme. Dawa hiyo inafaa kwa msumari uliopenya katikati ya tairi, lakini tairi langu lilikatwa ubavuni, na ubavu hauzibwi na chochote, kwa hiyo nilisubiri gari la kuvuta kwa saa mbili. Kisha nikajua kwamba vipimo vya mbele na vya nyuma ni tofauti, upana wa milimita 235 mbele na 295 nyuma, hivyo huwezi kuzungusha tairi ili zilike sawasawa, na kwamba si kila duka lina kipimo hicho cha nyuma. Sasa nahifadhi moja nyumbani, nyuma ya mlango wa stoo.

Matumizi ya mafuta ni ya wastani kwa gari lenye kasi hii, na injini hii ya silinda sita zilizolala ubavu imebuniwa kwa petroli ya oktani 98. Huduma ya gereji haijanishtua, ingawa kila kitu kinachohitaji fundi mwenye kompyuta yake kinagharimu zaidi ya ulivyofikiri. Katika safari ndefu, tairi pana juu ya lami ya kokoto huvuma kiasi kwamba mazungumzo na aliye nyuma yanahitaji sauti ya juu.

Na aliye nyuma anakua. Mwezi uliopita mwanangu aliniarifu, kwa utulivu wa mtu aliyekwishapima, kwamba magoti yake sasa yanagusa mgongo wa kiti changu. Nimesogeza kiti mbele kidogo. Kuna sentimita nyingine tano hivi za kusogeza.