TAHADHARI: Wenye Discovery 3, kuna tapeli eneo la Gerezani, Dar, anauza kompresa za mtumba zilizopakwa rangi

Wakuu, mwenye Discovery 3 au Range Rover Sport za zamani hapa Dar asimpe hela yule jamaa wa Gerezani anayejiita mtaalamu wa suspensheni za upepo, yaani zile zinazoinua gari kwa hewa inayosukumwa na kompresa. Jina silitaji hapa kwa sababu suala naipeleka polisi. Nina hasira mpaka vidole vinatetemeka.

Gari langu ni la aina hiyo, na lilianza kunisumbua tangu turudi Moshi msibani. Asubuhi nalikuta nyuma limelala, nikiwasha linajiinua taratibu, taa ya njano inabaki. Nikampelekea huyo kwa sababu bushi alizomuuzia shemeji yangu mwaka jana ziko barabarani mpaka leo, na kwa sababu ana mashine ya kupimia ya maana. Akaichomeka, ikaleta msimbo wa kosa C1A20, akanisomea maana yake: presha inapanda polepole mno wakati wa kujaza tenki la upepo. Maana hiyo ni ya kweli, nimeihakiki. Mtu akikupa ukweli kwenye la kwanza, la pili utamkatalia kwa lipi?

"Kaka, kompresa imekufa. Usipobadilisha leo inaondoka na kontroli boksi."

Kontroli boksi ndiyo kompyuta ya suspensheni. Nikasema ngoja nifikirie. Akachukua tochi, akaingia chini ya gari upande wa nyuma, eti anaangalia soketi. Nikataka kuinama nione, kijana wake akaniambia nisogee, jeki haiaminiki. Alipotoka akaniambia washa. Taa nyekundu! Kengele inalia, dashibodi inaniambia nisizidi kilomita 50 kwa saa. Gari niliingia nalo lina taa ya njano. Akatikisa kichwa kama daktari anayewaita ndugu wa mgonjwa pembeni: "Umeona sasa? Boksi hiyo inaanza kuondoka." Mke wangu yupo pale, watoto wamechoka, safari ya Tanga kesho yake. Kijana akaja na katoni mpya, ndani kompresa nyeusi inang'aa, imefungwa nailoni. Nikamhesabia milioni 1 na laki 8 mkononi. Akafunga, akaingia tena kule nyuma, akafuta makosa kwa mashine. Taa zote zikazima, gari likapanda. "Shemeji, mtafika Tanga mmelala," akamwambia mke wangu. Nikampa mkono na hela ya soda ya vijana. Hapo ndipo panaponiuma kuliko ile milioni.

Tulipita Chalinze salama. Mkata tukasimama kula, nikazima gari, kompresa ikaendelea kunguruma. Funguo ninayo mkononi, gari limezimwa, kitu kinanguruma chini, halafu harufu ya kuungua. Nyuma likalala kabisa. Nampigia, simu inaita, hapokei. Baadaye haipatikani.

Mzee mmoja wa Tabata, fundi umeme wa siku nyingi, ndiye aliyenifungua macho. Hakuuza kitu kwanza. Alipulizia maji ya sabuni kwenye viungio vya bomba za upepo, povu likachemka kwenye mfuko wa hewa unaobeba gari nyuma kulia. Kumbe upepo ulikuwa unavuja, kompresa inafanya kazi bila kupumzika, na rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha, iliyo kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti ikapata moto mpaka pleti zake zikagandana. Rilei ikigandana hivyo, umeme haukatiki hata ukizima gari. Ukisikia kompresa inanguruma gari limezimwa, chomoa rilei hiyo haraka kabla haijaunguza mengine.

Kisha akapima kwa mita sensa ya urefu ya nyuma, ile inayoiambia kontroli boksi gari limeinuka kiasi gani. Volti 5 kutoka kontroli boksi zinafika vizuri, yaani boksi halijawahi kuwa na tatizo. Ila soketi ya sensa ile, kile kishikizo chake kimevunjwa, na mvunjiko bado mweupe. Ndiyo kazi yule tapeli aliyokuwa anaifanya kule chini na tochi! Alichomoa, taa ikawa nyekundu. Nilipolipa, akachomeka.

Kompresa "mpya" mzee aliikwaruza kwa bisibisi: rangi ya kopo imepita hadi juu ya vichwa vya skrubu, lebo imesagwa, ndani ya bomba la kuvuta hewa kuna vumbi jekundu la zamani.

Huyu mtu anastahili kufungwa, siyo kuombwa arudishe hela. Kujipatia mali kwa udanganyifu kumo kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, na Tume ya Ushindani nayo napeleka malalamiko, maana Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 haijatungwa kwa ajili ya mapambo. Mtu anawaacha watoto porini Mkata usiku halafu anafungua duka asubuhi? Afungiwe, na kijana wake wa jeki aulizwe.

Mengine niliyoyaona: risiti ya EFD hakutoa, alisema mashine mbovu. Hakupima uvujaji hata kidogo. Hataki usimame karibu. Na kompresa yangu ya zamani aliing'ang'ania, eti ni chuma chakavu. Mzee anaamini ilikuwa nzima.

Aliyeuziwa naye anitafute, twende pamoja. Na kama kwenye gari lako amefunga kompresa ambayo boliti moja ya kishikio ina kichwa cha shaba, hiyo boliti nilifunga mimi. Usiitupe, ni ushahidi.