Nililipia alama tatu za sindano: uzoefu wangu na daktari wa mifugo aliyetibu simbilisi wangu

Ilikuwa Jumanne ya Februari, saa mbili usiku, umeme umekatika, na joto la Tabata, Dar es Salaam, mwezi huo mnalijua. Kashata, simbilisi wangu, alijikuna ubavu mara mbili tatu, kisha akaanguka chali. Miguu inapiga hewa, kichwa kimepinda nyuma, mdomo wazi bila sauti. Nikammulika kwa tochi ya simu na kuhesabu: sekunde ishirini na kitu. Akainuka, akatikisa masikio, akarudi kutafuna ukoka wake. Binti yangu alikuwa analia. Mama yangu, ambaye yuko kwetu tangu Krismasi, akasema hiyo ni degedege, na mnyama akipata degedege ndani ya nyumba, wenye nyumba wajiangalie.

Haikuwa degedege wala mkono wa mtu. Ulikuwa upele. Usiku ule nilipekua simu mpaka chaji ikaisha, na karibu kila nilichopata kwa Kiswahili kuhusu simbilisi kilihusu kufuga kwa ajili ya kitoweo. Namna ya kumchinja niliiona. Namna ya kumtibu ngozi sikuiona. Ndiyo maana naandika kuhusu huduma niliyopata, ya daktari wa mifugo anayekufuata nyumbani, pamoja na mazuri yake na yaliyonikera.

Nina simbilisi watatu, wote majike. Kashata na Ubuyu niliwanunua pamoja, elfu kumi na tano kila mmoja, sasa wana miaka kama miwili na nusu. Bisi aliletwa Desemba na shangazi yake binti yangu, ndani ya boksi la viatu, zawadi ya kufaulu mtihani. Nikamtia banda moja na wenzake siku hiyohiyo. Alionekana mzima kabisa, mwembamba kidogo tu.

Katikati ya Januari Kashata akaanza kupukutika manyoya begani. Chini yake ngozi nyekundu, halafu mba, halafu vigaga vya manjano. Ukimgusa mgongoni, mguu wa nyuma unaruka wenyewe kukuna hewa. Kufikia mwisho wa mwezi ngozi ya mgongo ilikuwa nene na ngumu, kama ganda la embe lililosahauliwa juani.

Kabla ya daktari nilifanya yangu. Nilimpaka mafuta ya nazi. Ngozi ikalainika siku moja, lakini maranda niliyochukua kwa mafundi wa Keko yakamganda mwili mzima, akawa kama andazi lililoangukia mchangani. Jirani akanishauri oili chafu ya gereji, kama wanavyopakwa mbwa wenye ukurutu mitaani. Hiyo nilikataa kwa harufu tu, na nashukuru pua yangu, maana simbilisi hujilamba mwili na angeimeza yote.

Nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza mengi: “Ivermektini hiyo, mama. Mchome nusu cc tu, si mdogo huyo.” Elfu nane, na sindano juu. Nyumbani nikavaa miwani nikasoma kichupa: mililita moja, yaani cc moja, kwa kilo 50. Mimi nauza vitenge, kazi yangu ni kupima. Kilo hamsini ni mbuzi dume aliyenona, na Kashata hafiki hata kilo moja. Kichupa nikakiweka juu ya kabati.

Kisha nikampeleka kliniki moja ya mbwa na paka. Kijana aliyetupokea aliuliza kama huyu ni sungura. Dakika tatu mezani, bila kumpima uzito, tukatoka na amoksilini ya maji na shampuu ya mbwa ya kuua viroboto. Elfu hamsini na tano. Shampuu sikuitumia, kwa uvivu. Amoksilini nilimpa mara mbili.

Namba ya daktari wa nyumbani nilipewa na mfuga sungura wa Kimara, mkewe ni mteja wangu. Tulipanga Jumamosi saa nne asubuhi. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Simu aliipokea nilipopiga mara ya tatu: foleni ya Mandela. Alifika saa saba na nusu, binti mdogo kuliko nilivyotarajia, begi mgongoni. Akamwamkia mama, “Shikamoo bibi,” akavua viatu mlangoni, na mama akasahau kwamba alikuwa amenuna kwa niaba yangu.

Kitu cha kwanza alichotoa kwenye begi kilikuwa mizani ya jikoni. Akaomba bakuli la plastiki, akamtia simbilisi mmoja mmoja, akaandika. Kashata gramu 760, Bisi 680, Ubuyu 1,020. Kisha akauliza maswali kabla ya kumgusa yeyote. Nani alianza? Nani alikuja mwisho? Anajikuna au manyoya yanapotea tu? Mtoto ana mabaka ya mviringo mikononi?

Mtoto hakuwa na mabaka, ila alikuwa na vipele vidogo vya kuwasha kwenye viganja na tumboni, pale anapompakata. Dokta akasema angeona duara lenye magamba pembeni angewaza fangasi, yaani choa, ambayo kwa simbilisi hupenda kuanzia puani, kuzunguka macho na masikio, na huambukiza watu kweli. Vipele vya binti vilikuwa vya wadudu wa Kashata waliojaribu ngozi isiyo yao. Kwa mtu hawazaliani, vitaisha mnyama akipona. Vikaisha kweli, bila dawa yoyote.

Akampekua Kashata nyuma ya masikio kwa tochi akitafuta chawa. Chawa wa simbilisi ukitulia unawaona kwa macho, wanakimbia katikati ya manyoya. Hakuwaona. Wadudu wa upele huwaoni, kwa sababu ni wadogo mno na wanachimba ndani ya ngozi. Muwasho wao ndio unaofika hatua ya kumwangusha mnyama vile, na kumsugua au kumwogesha kunaweza kuuamsha. Hapo nikakumbuka mikono yangu na mafuta ya nazi.

Alichukua wembe, akaudondoshea tone la mafuta, akakwangua pembeni ya kigaga mpaka ngozi ikataka kutoa damu, akapaka kwenye kioo. Kwa Bisi alibandika selotepu mgongoni na kuibandua. Hadubini hakuwa nayo, na hili lilinikera, maana kwenye simu alisema “vipimo tunafanya”. Vipimo vilifanyika, lakini kwake. Usiku akanitumia picha WhatsApp: kidudu cha mviringo, vijiguu vifupi kama vya kobe, na jina lake la kitaalamu, Trixacarus caviae. Cha Kashata hicho. Kwa Bisi hakuona kitu, lakini alishatuambia watatibiwa wote watatu, kwa sababu mdudu huyu anaweza kukosekana kwenye sampuli huku yupo, na mgeni wa mwisho bandani ndiye wa kushukiwa kwanza.

Nikamtolea amoksilini. “Umempa mara ngapi?” Nikasema mbili. Akanyamaza. Akaenda bandani, akaokota punje za kinyesi, akazibonyeza kwa kidole, akazinusa. Laini kidogo, akasema, lakini si kuhara. Ndipo akanieleza: dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa utumbo wa simbilisi, wabaya wanabaki kutamba na kutoa sumu, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Kichupa akaondoka nacho. Sijawahi kuona aibu kiasi kile mbele ya mtu wa umri wa mdogo wangu.

Sasa sindano. Dawa aliyotumia ni ivermektini ileile ya kwenye kabati langu, ya asilimia moja, yaani miligramu 10 kwenye mililita moja. Lakini alichomoa sindano ya insulini, ile ya wagonjwa wa kisukari, yenye alama mia kwenye mililita moja. Akapiga hesabu kwa uzito, akanionyesha kwenye dirisha: alama tatu. Tone ambalo ukilidondosha kwenye kitenge usingejua lilipo. Bisi alama tatu kasoro, Ubuyu nne, chini ya ngozi ya shingo. Nusu cc ya yule muuzaji ingekuwa alama hamsini. Ni kama mteja anakuomba nusu mita, unamkatia mita nane, halafu unamlazimisha azimeze.

Akamkata Kashata kucha za nyuma ili asijichane, akatupangia kurudi baada ya wiki mbili, mara mbili, kwa sababu dawa haiui mayai. Inabidi kuwasubiri waliomo waanguliwe. Maranda yote tukachoma. Banda tukaliosha kwa maji ya moto na kulianika juani, vibao vyake vya kujificha tukavitupa.

Na hapo akauliza wanakula nini. Majani, nikasema, na chakula cha sungura cha dukani. Kumbe simbilisi ni kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C. Sungura anajitengenezea, kwa hiyo chakula chake hakiwekwi vitamini hiyo. Simbilisi akikosa anapata kiseyeye: manyoya makavu, viungo kuuma, vidonda visivyopona, na ngozi dhaifu ambayo wadudu wanaisherehekea. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kilo moja ya mwili kila siku. Nisitie vidonge kwenye maji ya kunywa, nguvu yake hupotea haraka. Robo ya pilipili hoho kwa kila mmoja inatosha, na kipande kidogo cha pera siku mojamoja, kwa kuwa lina sukari. Hoho za genge letu zinanijua sasa.

Hesabu ya fedha, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Ujio wa kwanza 40,000, vipimo 20,000, sindano 5,000 kwa kila mnyama, na mwishoni kabisa, ameshavaa viatu, “na bajaji mama, elfu kumi na mbili”. Hiyo ya bajaji hakuisema kwenye simu, na risiti niliipata baada ya kuiomba mara mbili. Marudio mawili yalikuwa 25,000 kila moja, na sindano juu kwa bei ileile. Jumla 167,000, kwa wanyama wa elfu kumi na tano. Mume wangu alisema kwa hela hiyo tungekula mbuzi. Nikamwambia huyo mbuzi wewe usingembembeleza mtoto wako naye.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki Barabara ya Mandela na kwenye bajaji.

Siku tatu za kwanza sikuona tofauti. Siku ya nne Kashata alianguka tena, kifupi, na nilimpigia dokta saa tatu usiku nikiwa na hasira. Alipokea mara ya kwanza safari hii, akaniambia nimfunike banda kwa khanga apate giza na utulivu, nisimshike. Hajaanguka tena tangu siku hiyo. Wiki ya pili vigaga vikaanza kubanduka vyenyewe, vinabaki kwenye ukoka kama maganda ya karanga. Kwenye sindano ya pili alikuwa gramu 790. Kwenye ya tatu 845, mgongo una manyoya mafupi laini kama mahameli, na ananiamkia kwa mluzi wake nikifungua friji.

Ubuyu ni habari nyingine. Yeye alikuwa na vipara viwili, kila ubavu kimoja, vinalingana kama vimekatwa kwa mkasi, ngozi safi, na hajikuni. Nilidhani ni upele uleule unaanza. Dokta alimminya tumbo taratibu pande zote mbili, akarudia, akaniwekea vidole vyangu pale. Kulikuwa na kitu cha duara, kinateleza. Uvimbe wa maji kwenye mirija ya mayai, nikasema mimi. Akanisahihisha: kwenye vifuko vya mayai vyenyewe. Akasema ni kawaida kwa majike waliopita mwaka mmoja na nusu, na homoni zake ndizo zinazomwaga manyoya ya mbavu. Kuthibitisha kunahitaji kipimo cha picha ya ultrasaundi, na tiba ya uhakika ni kumfanyia upasuaji.

“Mama, mimi simbilisi sijawahi kumpasua,” akasema. “Nikikwambia naweza nitakuwa nakudanganya.” Akaniandikia nianzie hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, aliposomea, na pesa ya ushauri wa Ubuyu hakuniongezea.

Morogoro bado sijaenda. Anakula, anakunya vizuri, anamfukuza Bisi kwenye hoho. Kila Jumamosi namtia kwenye bakuli na mama anasoma namba kwa sauti: wiki iliyopita 1,015, juzi 1,010. Ikishuka chini ya elfu moja tunapanda gari, ndivyo tulivyokubaliana na dokta. Mizani ni ile yangu ya kupimia unga wa keki. Mama amekataa katakata isirudi jikoni, imebidi ninunue nyingine.