The Stand: toleo la 1978 au la 1990?

Riwaya hii ya Stephen King ina matoleo mawili, hivyo tazama kwanza mwaka kabla ya kununua. La 1978 lina kurasa 823. La 1990 linapita 1,100, maana lilirudishiwa sehemu kubwa ya kurasa kama 400 za mswada zilizokatwa mwanzoni ili kupunguza gharama za uchapaji.

La 1978 linaanzia kituo cha mafuta cha Arnette, Texas, gari la Campion likigonga pampu. La 1990 linarudi nyuma zaidi: usiku wa manane Campion, mlinzi wa kambi ya jeshi, anamwamsha mkewe wambebe mtoto watoroke, na mafua yanayoua karibu watu wote duniani yanaondoka nao. Kwa mlango huo tu, toleo refu linastahili uzito wake.

Kasoro yake? Hadithi ilisogezwa kutoka 1980 hadi 1990, lakini baadhi ya wahusika bado wanaongea kama watu wa miaka ya sabini.

Katika yote mawili, wasomaji wengi hukwama theluthi ya kwanza, majina yakiwa mengi. Andika matano kwenye karatasi ya kuwekea alama ukurasa: Stu, Frannie, Larry, Nick, Lloyd. Wanne wa kwanza wataelekea kwa Mama Abagail, bibi mzee anayewaongoza walio upande wa wema. Lloyd ataenda kwa Flagg, kiongozi wa upande wa uovu, Las Vegas.