TAHADHARI WENYE BOTI: Muuza redio za CB na "leseni ya maisha" ni tapeli

Jamani, mwenye nahodha asiyeingia mitandaoni amsomee. Kuna mtu anazunguka jeti ya Amu na Mokowe, huku Lamu, akiuza redio za CB, zile za kuitana kwa maikrofoni za megahezi 27, pamoja na leseni. Leseni ni bandia. Mimi ameshanila shilingi 24,500, na hapa naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Msianze kunicheka. Huyu si wale vijana wa "tuma kwa namba hii". Alikuja baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, kitambulisho shingoni, kila mzee anamwita ami. Kusi iliyopita yalinikuta baharini, kwa hiyo redio nilikuwa naitafuta kweli. Wala hakuniharakisha. Alikaa tezi, akaunga waya kwenye betri ya injini, akasimamisha erio, akanipa maikrofoni. "Bonyeza, ami, mwite mwenzangu yuko Shela." Nikaita. Sauti ikajibu palepale, safi, hata salamu ikaitikia! Watoto wa jeti wakashangilia. Mzee mmoja akasema naye anaitaka. Nani hapo angekataa?

Redio 18,500. Kisha akaingia kwenye leseni. Akasema kutumia redio bila leseni ni kosa, na ni kweli. Akasema Marekani waliacha kudai leseni ya CB mwaka 1983 na Uingereza 2006, nayo ni kweli, nimeulizia. Ndivyo alivyonipata, kila uongo kauvika ukweli. "Huko ni bure, sisi huku tunalipa mara moja tu, maisha." Shilingi 6,000. Akatoa karatasi ngumu yenye nembo, akaandika jina langu kwa mwandiko ambao hata kadhi hana, akagonga mhuri mbele ya macho yangu. Kwenye M-Pesa likatokea jina la mwanamke. Nikamuuliza. "Huyo mhasibu wetu, ami." Nikatuma.

Mpwa wangu, yule wa melini, alipoiona karatasi alicheka mpaka akakaa chini. Juu imeandikwa CCK, ile Tume ya Mawasiliano ya Kenya ya zamani. Jina hilo liliachwa 2014, siku hizi ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA, na wao ndio wanaotoa leseni za masafa. Ada ya masafa ni ya kila mwaka, hakuna cha maisha. Na pesa ya serikali inalipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali wenyewe, haiendi kwenye simu ya mhasibu wa mtu.

Lakini pesa si kitu. Huyu mlaaniwa aliniambia nikipata shida baharini niweke chaneli 16, waokoaji watasikia. Chaneli 16 ya uokoaji ni ya redio za VHF za baharini, megahezi 156.8. Kumi na sita ya CB ni 27.155, ni masafa mengine kabisa! Utaita mpaka uzame, na waokoaji hawako huko. Kuna watu wanaenda Kizingitini na Kiwayu na wake zao na watoto, wameiamini redio hiyo. Kwa hili peke yake afungwe, na asipewe dhamana. Ningekuwa na amri ningemshusha kwenye mwamba nje ya Kiwayu, maji yakijaa, nimwachie redio yake na betri, aite hiyo 16 yake.

Ripoti nimeandikisha polisi. Mliolipa, na najua mpo ila mnaona haya, leteni karatasi zenu twende pamoja, mtu mmoja hasikilizwi. Anajiita Injinia. Mara ya mwisho ameonekana Mokowe akipanda basi la Malindi na maboksi mawili. Watu wa Malindi, huyo anakuja kwenu.