Mashine ya gemu ya kuangalizia TV: ipi ununue ukiwa Tanga

Kuna jambo muuzaji hatakwambia: hakuna mashine ya gemu inayoleta ligi sebuleni yenyewe. Ligi Kuu ya NBC iko Azam, ya England iko SuperSport kupitia DStv, na PS (PlayStation ya Sony) au Xbox (ya Microsoft) haina dishi wala antena ya TV. Sony walishawahi kufungua huduma ya vituo vya moja kwa moja, PlayStation Vue, mwaka 2015. Ilikuwa ya Marekani tu na ikafungwa Januari 2020. Kwa hiyo ukiambiwa dukani "hii ina TV ndani", maana yake ni YouTube na Netflix.

YouTube si haba. Taarifa ya habari, mihadhara, mikutano ya siasa, vipindi vya redio vyenye kamera, vingi hurushwa humo moja kwa moja na bure. Mpira wa kulipia unabaki kwenye king'amuzi. Basi pima mambo mawili: mashine inafungua YouTube bila kukwama, na inaelewana vipi na king'amuzi ulicho nacho. Kama nyumbani hakuna mcheza gemu, usinunue mashine kabisa. Kijiti cha Android TV kinachochomekwa nyuma ya flati kinakula wati chache na YouTube yake ni ileile.

1. Xbox One S iliyotumika

Kwa gemu tupu tungeiweka chini, maana kubadilishana CD za Xbox hapa mjini ni kazi. Lakini kwa TV ndiyo ya kwanza kwa sababu ya tundu moja tu: HDMI IN, la kuingizia picha na sauti kutoka kwenye kifaa kingine. Flati nyingi za inchi 24 na 32 zina matundu mawili ya HDMI, na mara nyingi moja limeshalegea. Kwa Xbox One S, waya wa king'amuzi unaingia HDMI IN, waya mwingine unatoka HDMI OUT kwenda kwenye TV, na unaruka kutoka kwenye mechi kwenda kwenye gemu kwa pedi bila kuchomoa kitu.

Kasoro inayowachanganya watu ni mpira kuonekana unarukaruka, hasa kamera inapofuata winga. Si king'amuzi kibovu. Matangazo yetu ni ya 50Hz (picha 50 kwa sekunde), Xbox inatoa 60Hz. Ingia kwenye mipangilio ya picha, sehemu ya "Video modes", weka tiki kwenye "Allow 50Hz". Ujue pia kwamba Xbox ikiwa imezimwa, king'amuzi hakipiti. Ni lazima iwake muda wote wa mechi, na umeme wake unauhesabu.

Usichanganye One S na Xbox One ya kwanza, lile boksi kubwa jeusi. Nayo ina HDMI IN, ila adapta yake iko nje. Iliyokuja na mzigo wa Marekani ina adapta ya volti 100 hadi 127. Ukiichomeka kwenye 230 ya TANESCO, umeipoteza. Soma maandishi ya "INPUT" kwenye adapta kabla ya kutoa hela. One S ina adapta ndani na haina shida hiyo.

Faida nyingine ya Xbox ni kivinjari cha Edge, hivyo unaweza kufungua ukurasa wa kituo ambacho hakina programu. Kurasa za kulipia baadhi hukataa kwa sababu ya ulinzi wa video. Jaribu na akaunti yako mwenyewe kabla ya kulitegemea hilo.

2. PS4 Slim

Ndiyo inayojaa mjini: CD unaazima kwa jirani, pedi zipo, mafundi wanaijua. Ina Wi-Fi ya 5GHz, YouTube na Netflix zinaenda vizuri. Haina HDMI IN, kwa hiyo king'amuzi kinabaki na tundu lake kwenye TV.

Hatari kubwa iko hapa. PS4 inayouzwa "na gemu 15 ndani, huhitaji CD" mara nyingi imechipiwa, yaani ulinzi wake umevunjwa ili icheze gemu zisizolipiwa. Iliyochipiwa lazima ibaki kwenye toleo la zamani la mfumo, na toleo la zamani haliruhusiwi kuingia PlayStation Network (PSN), huduma ya mtandaoni ya Sony. Bila PSN hupakui YouTube wala Netflix. Uki-update ili upate YouTube, chipi inakufa na zile gemu 15 zinakufa nayo. Huwezi kupata vyote viwili, hata fundi aape vipi.

Jingine: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN. Wengi hufungua akaunti ya nchi nyingine, jambo lililo kinyume na masharti ya Sony, na programu utakazoziona dukani mwake ni za nchi hiyo. Usiweke hela nyingi kwenye akaunti ya namna hiyo.

Ikitokea YouTube inafunguka lakini Netflix inakataa, angalia "Enable HDCP" (ulinzi wa kuzuia kunakili video) kwenye mipangilio ya mfumo. Mashine zilizotoka kwenye mikono ya warekodi gemu huja nayo imezimwa.

3. Xbox Series S

Ndogo, kimya, inakula umeme kidogo, Edge ipo. Imeondolewa HDMI IN na haina mlango wa CD, kwa hiyo kila gemu ni makumi ya GB za kupakua. Mwenye faiba nyumbani aichukue. Mwenye bando la simu aiache.

4. PS5

Kwa TV haikupi chochote ambacho PS4 Slim haikupi, isipokuwa picha ya 4K, ambayo bando lako halitaki kuisikia. Inunue kwa ajili ya gemu.

5. PS4 ya kwanza, ile nene

Wi-Fi yake ni ya 2.4GHz pekee. Kwenye nyumba zilizobanana za Ngamiani kila ruta inagombania mkondo huohuo, na saa mbili usiku picha inazungukazunguka. Ukishaipata kwa bei ya kutupa, vuta waya wa LAN (waya wa intaneti) kutoka kwenye ruta, shida inaisha.

Hesabu ya bando

Zidisha kasi ya video kwa Mbps (megabiti kwa sekunde) mara 0.45, unapata GB kwa saa. YouTube ya 720p inayokwenda kwa 2.5 Mbps ni kama GB 1.1 kwa saa. Kipindi cha saa mbili kinakula zaidi ya GB 2. Ukishusha hadi 480p unakula kama nusu yake, na kwenye inchi 32 tofauti haikuumizi macho. Kinachomaliza bando zaidi ni update za gemu zinazojishusha zenyewe usiku. Zima upakuaji wa wenyewe (kwenye PS4 unaitwa "Automatic Downloads") siku ya kwanza, kabla hujaunganisha hotspot.

Pia matangazo ya intaneti huchelewa, sekunde 15 hadi 30 nyuma ya dishi, pengine zaidi. Ukikaa karibu na Mkwakwani utasikia uwanja mzima ukilipuka kabla hujaona kitu. Njia ya HDMI IN haina ucheleweshaji huo.

Dukani

Nenda na king'amuzi chako kwenye mfuko, na simu yenye GB 2. Washa hotspot, ingia kwenye akaunti, fungua YouTube, acha icheze dakika 20. Feni ikianza kunguruma kama mashine ya kusaga, ina vumbi au pesti (dawa ya kupitisha joto) imekauka. Toa gharama ya fundi kwenye bei ya mashine. Tikisa waya wa HDMI kidogo: picha ikikatika, pini zimepinda. Mwisho mulika matundu ya nyuma kwa tochi. Mashine iliyokaa Raskazone au Sahare, karibu na upepo wa chumvi, huota kutu ya kijani kwenye LAN na HDMI. Kijani kikishaonekana nje, kwenye bodi kimeshatangulia.