Kitabu kizima, Chloe hayumo

Naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Juzijuzi niliagiza Uncle Tom's Cabin (yaani Kibanda cha Mjomba Tom), riwaya ya Harriet Beecher Stowe, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Kilifika mapema, karatasi safi, bodaboda mstaarabu. Nilikuwa tayari kummwagia sifa. Niliwahi kukisoma maktabani enzi za chuo. Safari hii nilitaka kumsomea mama, nasoma huku natafsiri. Mama kapika majumbani mwa watu miaka mingi, nami nilishamwahidi habari za Chloe, mke wa Tom.

Kwa asiyemjua: Shelby wa Kentucky kabanwa na madeni, anamuuza Tom kwa Haley, mchuuzi wa watumwa. Chloe anabaki na Mose, Pete na kichanga Polly. Kulia analia, lakini haishii hapo. Anaomba akafanye kazi kwa mtengeneza keki Louisville, dola 4 kwa wiki, ili mumewe akombolewe. Bi. Shelby anampigia hesabu: dola 208 kwa mwaka, yaani miaka 4 au 5. Anakwenda! Na noti zenyewe anataka zitunzwe zilezile alizolipwa, Tom aje azione.

Sasa basi. Tumesoma jioni baada ya jioni, tukafika mwisho: kijana George Shelby anarudi na habari za kifo cha Tom, anawaacha huru watumwa wake, kwisha. Mama akanitazama. "Na mkewe? Hela zake je?"

Nikapekua mbele nyuma. Louisville hakuna. Keki hakuna. Hakuna pale Chloe anapozikusanya noti zake, mkono unatetemeka, anamkabidhi Bi. Shelby na kusema hataki kuziona wala kuzisikia tena. Kumbe kitabu kimefupishwa, na jaladani hawajaandika hata neno moja.

Nikampigia muuzaji. "Dada, kitabu si cha Tom? Huyo mpishi wa nini?"

Nilikata simu, maana ningetukana.

Usiku nikajikuta namtetea aliyekifupisha, sijui kwa nini. Stowe mwenyewe anamwacha Chloe sura nyingi, anatuweka New Orleans kwa akina St. Clare, waliomnunua Tom, tumsikilize mama mwenye nyumba, Marie, na kichwa chake kinachouma kila siku. Labda aliyekata alimfuata mwandishi tu. Na kwa anayetaka kisa cha Tom peke yake, bei si mbaya.

Hapana, nafuta hayo. Kile kibanda kilichobeba jina la kitabu, mara ya kwanza unapoingia, unamkuta Chloe mbele ya moto anapika. Jiko ni lake! Nyota moja, na hiyo ni ya bodaboda.

Kurasa zilizokatwa nilimsimulia mama kwa kichwa. Alinyamaza, kisha akasema, "Angezichukua. Jasho lake lile, na ana watoto watatu."